Kumtafuta Omari Kwenye Mapipa ya Mvinyo Mweupe

Tangu nirudi sijapata kupima hata ratili moja ya halua bila mtu kuegemea meza yangu na kuuliza, "Ehe, na huko kwa Wataliani?" Nikishamweleza mmoja, anaingia mwingine anataka nianzie mwanzo, na huku nyuma sufuria inashika chini. Nimeona bora niandike. Anayetaka habari asome, kisha anunue halua kama watu wengine.

Kibokoni hadi Kilindini

Nyumba yetu Kibokoni mnaijua, na vibibi vya mama, vimkate vile vya mchele, mmevila. Labda hamjui vinavyoumuka. Mama huchanganya unga wa mchele na tui, kisha hutia tembo tamu la mnazi analoletewa na mgema kutoka Likoni asubuhi mapema, likiwa bado ni maji matamu tu. Likichelewa hadi adhuhuri limeshaanza kuwa kileo, halipokei, humrudishia mgema na maneno juu. Sisi tumekua tukiamka na harufu ya unga ule ukifura chini ya kawa.

Jambo la pili ni pua yake. Utotoni hakutuuliza tumetoka wapi. Alitushika viganja, akanusa, akajua kama tulikuwa Liwatoni kwenye samaki au Mbaraki tukiiba maembe ya watu. Kudanganya nyumbani kwetu kulikuwa kazi bure.

Mdogo wangu Omari aliondoka kwenda kutia makaa melini wakati Wahindi walipokuwa ndio kwanza wanatandika reli. Reli ikafika ziwani, treni zikazoea kwenda na kurudi, naye hajarudi wala hajaleta salamu. Tulikuwa tumeshaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Ndipo akaja Hamadi, Mbarawa mmoja mtia makaa, akaketi barazani kwetu akasema amemwona Omari kwa macho yake. Yu mzima. Yuko milimani nyuma ya Napoli, kwenye nyumba inayotengeneza mvinyo mweupe, na suruali ameikunja hadi mapajani.

Sikumbuki nani alitoa habari ile nje ya baraza, lakini kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa nayo. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, halua ikaungua. Mama, ambaye siku hizi macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, aligeukia ukutani. Kesho yake hakupika. Kesho kutwa hakupika. Watu walipita na sahani zao wakaukuta mlango umefungwa, na hilo halijapata kutokea tangu baba yetu afariki.

Mjomba Nasoro, kaka yake mama, aliniita nyuma ya msikiti.

"Sikiza," alisema. "Wenda kumtafuta. Ukimkuta yungali Mwislamu, mlete. Ukimkuta ameritadi, rudi useme umelikuta kaburi. Tutamsomea hitima, mama'ko atalia mara moya, yeshe."

"Na kama yu hai, mjomba?"

"Kwetu atakuwa amekufa. Afadhali mama alie kwa kifo kuliko kwa aibu."

Nilikwenda kumuaga mama nikiwa na maneno yale tumboni kama niliyemeza kokwa. Alinishika viganja akavinusa, sukari na iliki kama siku zote.

"Sitaki habari zake," alisema. "Habari nimeletewa. Namtaka yeye."

Kwenda Kilindini nilipanda kile kigari cha reli kinachosukumwa na watu. Wasukumaji walisimama njiani kugombana nani asukume nyuma, mimi nimekaa na vikapu vyangu vya halua juani. Nilipofika, meli ilikuwa bado inapakiwa ngozi, na ngozi zile zilikuwa na harufu ya kutoa mtu roho. Tulikaa hapo mpaka halua ya juu ikaanza kutoka jasho.

Aden na Suezi

Mungu alitaka Hamadi awe kwenye meli ile ile. Akimaliza zamu alipanda sitahani mweusi wa makaa, akanifundisha maneno ya Kitaliani ambayo Wabarawa wameyazoea kwa kuwa bendera ya Wataliani iko kwao. Alinifundisha kuomba maji, kuomba mkate, na kusema "sili nguruwe". Hilo la mwisho alinilazimisha nilirudie mpaka abiria wenzangu wakanuna.

"Hamadi," nilimwuliza, "ulimwona akinywa?"

"Sikumwona akinywa."

"Ulimwona akiswali?"

"Sikumwona akiswali. Nilikwenda kununua pipa la nahodha, kaka. Sikukaa."

Basi sikupata pa kushika.

Aden niliketi mkahawani kunywa maji ya maganda ya kahawa, yenye tangawizi. Mwenye mkahawa, mzee wa Kiyemeni mwenye maneno matamu, aliniuliza nakwenda wapi. Nami kwa ujinga wangu nikamweleza kweli yote. Uso wake ulibadilika. Aliniambia kwa upole kwamba mwenye kuukamua mvinyo na mwenye kuubeba wako pamoja na mwenye kuunywa, kisha akakichukua kikombe changu na kukisuuza mara nyingi mbele yangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa ndani ya pipa. Nililipa nikaondoka masikio yakiwaka. Lililoniuma ni kwamba hakusema uongo.

Suezi tuliwekwa karantini. Abiria mmoja alikuwa na homa, wakasema huenda ni tauni, tukazuiwa sote kwenye mabanda ya mbao. Daktari alitutazama ulimi na makwapa. Walinzi walivitazama vikapu vyangu vya halua, wakasema lazima halua nayo ipimwe. Waliipima kwa vinywa vyao, kikapu kizima, na hawakuona ugonjwa. Yule abiria akapona, kumbe alikuwa amekula kaa waliooza.

Napoli

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu hudhani naongeza chumvi. Kitu cha kwanza nilichokiona Napoli, mguu wangu haujakauka kutoka mashuani, ni Mzungu anayeomba. Amekaa chini, miguu wazi, kofia mbele yake. Nilisimama nikamtumbulia macho mpaka akadhani nataka kumpa kitu. Nyuma yake Mzungu mwingine amebeba gunia mgongoni kama mchukuzi wa Forodhani, na mama mmoja wa Kizungu amejitwika mtungi wa maji kichwani, bila kuushika, anakwenda zake.

Sisi hapa tumezoea Mzungu ni mtu wa kubebwa. Nilijiuliza hao wanaobebwa kwetu wametokea nchi gani, ikiwa hapa kwao wanabeba. Nilimpa yule mwombaji kipande cha halua. Alikitia mfukoni bila kukionja, na nikamwona akipanguza kofia yake pale kilipogusa.

Halafu nikaona watu wanakula tambi kwa mikono, njiani, wameinua vichwa juu na tambi zinaning'inia hadi kidevuni. Mama yangu angewapiga vibao vya mikono wote.

Hamadi alinisindikiza hadi kituo cha gari la moshi, akamweleza mkaguzi niteremshwe wapi, akarudi kwenye makaa yake. Nilipomwona mgongo wake unapotea katika watu nilihisi upweke ambao sijapata kuuhisi.

Kwenye gari la moshi

Chumba kilikuwa na wakulima, kuku kwenye kapu, na bibi mmoja mnene aliyevaa nyeusi tupu. Walinitazama kanzu na kofia bila kificho. Nami kwa adabu nikafungua kikapu kilichosalia nikawakatia halua. Mwanamume mmoja alikinusa kipande chake, akakibonyeza, akashukuru sana, kisha akakifunga kwenye leso. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Kumbe walidhani ni sabuni. Nilijua hayo tuliposimama kwenye kituo chenye bomba, yule bibi akashuka kunawa uso kwa halua yangu. Alirudi uso unang'aa mafuta, nzi wanamfuata. Nikakata kipande nikakila mbele yao. Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka kuku wakashtuka, na bibi akailamba mikono yake hadi kwenye viwiko.

Wao wakanipa mkate na zeituni. Wakanipa pia chupa. Nilikataa, wakashangaa. Nikakataa tena, wakahuzunika. Mtu anayekataa maji huenda wasingemshangaa hivyo. Treni ilikawia kwenye kila kituo, na kila kituo chupa ilinijia upya, kama labda mawazo yangu yamebadilika.

Nyumba ya Bi Karmela

Nilipanda mlima kwa gari la punda. Mizabibu ilikuwa imepandwa kwa safu hadi juu, majani yake yamenyunyizwa kibiriti upele, kile cha manjano tunachotia kwenye dawa ya upele. Ilikuwa wakati wa mavuno. Wanawake walikata vishada wakiimba, wakavijaza kwenye makapu, na nyuki walikuwa juu ya kila kitu.

Mwenye nyumba ni mjane, Karmela, mfupi, sauti nzito. Nilitaja jina la Omari. Alinitazama pua yangu, akaelewa papo hapo, akaingia ndani akipiga kelele. Na Omari akatoka.

Ndugu zangu, sikumjua. Ndevu hadi kifuani, suruali imekunjwa, na miguu yake kuanzia magotini kushuka imelowa maji ya zabibu, maganda yamemganda kwenye vidole. Nilikuwa nimesafiri bahari tatu kumkumbatia mtu yule. Nilisimama pale pale. Mikono haikuinuka.

"Mama yu hai?" aliniuliza.

"Yu hai."

Akalia, amesimama, bila kujifuta uso. Hakunikaribia, maana aliyaona macho yangu yako miguuni mwake.

"Hii bado ni tamu, kaka," alisema. "Imekamuliwa sasa hivi. Haijageuka."

Moyoni nilikuwa nikimsikia mzee wa Aden akisuuza kikombe.

Habari yake alinieleza huku akifanya kazi, kwa kuwa siku za mavuno hazingoji mgeni. Aliugua homa Napoli, meli ikamwacha hospitali. Alipotoka hakuwa na pa kwenda. Bi Karmela alikuwa akishusha mvinyo bandarini kwa mkokoteni, na kila kijana aliyemwajiri alifika na mapipa nusu. Aliposikia pana mtu asiyekunywa, alimchukua siku ile ile. Ndugu yangu alipata kazi ya mvinyo kwa sababu ya Uislamu wake. Nilipolisikia hilo nilikaa chini juu ya kapu.

Mimi nilidhani mvinyo mweupe ni mwekundu uliotiwa maji. Kumbe sivyo. Zabibu hukanyagwa kidogo tu, zipasuke, kisha mara moja hutiwa kwenye kinu kikubwa cha mbao chenye parafujo, wanaume wanazungusha, na maji yanatoka yameachana na maganda. Rangi iko kwenye ganda. Omari alichukua zabibu nyeusi akaiminya mbele yangu, na kilichotoka ni cheupe. Nimekula zabibu kavu za Wahindi miaka yote sijapata kulitambua hilo. Maji yale hulala mahali pa baridi mpaka taka zitulie chini, kisha ya juu huhamishiwa kwenye mapipa yaliyofukizwa moshi wa kibiriti upele, kama sisi tunavyofukiza mitungi kwa udi. Na hapo, bila mtu kutia kitu, yanaanza kuchemka.

Mimi ni mtu wa sufuria. Najua kuchemsha. Sijapata kuona kitu kinachemka bila moto. Niliweka kiganja kwenye pipa, nikalikuta lina joto. Povu lilikuwa likitoka tunduni, likisema taratibu. Na harufu yake, wallahi, ilikuwa ya jikoni kwetu alfajiri. Ilikuwa harufu ya unga wa mama chini ya kawa. Nilirudi nyuma nikagonga ukuta. Nilikuwa tayari kwa uvundo, sikuwa tayari kwa harufu ya nyumbani, na nilimkasirikia Omari kwa hilo kuliko kwa miguu yake.

Kisha likaja jambo lililonimaliza. Adhuhuri watu wote walikusanyika kwenye mlango wa ngazi za ghala. Bi Karmela akachora msalaba kifuani, na wengine wakafuata. Akawasha mshumaa, akampa ndugu yangu. Omari akaupokea kwa mikono miwili, akainama, akaushusha hadi magotini, na akaanza kushuka ngazi polepole huku ameinama hivyo hivyo, wenzake wamevua kofia, kimya kabisa. Hakuna aliyetikisika mpaka alipopanda tena, mshumaa unawaka. Hapo wakashusha pumzi na kurudi kazini.

Nilikwisha kuona makanisa ya Wazungu Mombasa, na mishumaa yao. Sikuhitaji mtu anieleze. Niliingia uani nikajibanza nyuma ya punda, nikalia. Nilianza kuyapanga maneno nitakayomwambia mama: kaburi liko mahali pa juu, pana upepo, wamemzika vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye rangi ya mawe ya kaburi.

Chumba cha chini

Mvua ilishuka alasiri. Nilitawadha kwenye bomba la uani, kisha nikatafuta mahali pa kuswali, na hapa ndipo ninyi mtakaponicheka. Sebuleni pana sanamu ya Bibi Mariamu na taa yake. Jikoni pana msalaba na nguruwe aliyening'inizwa. Chumba cha wageni pana picha za watakatifu ukuta mzima, wamenikazia macho. Barazani pana mbwa watatu waliolowa. Nje mvua. Nilizunguka nikiwa na udhu wangu kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja.

Mwishowe nikaona mlango wazi na ngazi. Nikateremka na mshumaa. Nikapita mbio chumba cha mapipa nimeziba pua, nikaona ngazi nyingine, na chini yake chumba kilichochongwa kwenye mwamba. Hakikuwa na pipa wala sanamu wala mbwa. Sakafu ya jiwe, imeoshwa, inang'aa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Niliweka mshumaa chini, ukazimika. Nikawasha kibiriti, nikauweka tena chini, ukazimika tena. Nikasema ni unyevu. Nikauweka juu kwenye shubaka, ukawaka vizuri, nikaona mambo yamekwisha. Nikafunga swala.

Niliporukuu, kitu kilinichoma puani kama siki. Niliposujudu, kifua kilianza kwenda mbio. Nilidhani ni huzuni yangu. Nikakaa, nikarudi sijida ya pili, na humo ndani nikaanza kumwombea Omari. Nilimwombea kama mtu anayemwombea maiti. Naikumbuka baridi ya jiwe kwenye paji la uso. Sikumbuki kuinuka, kwa sababu sikuinuka.

Niliamka mvuani, uani, kichwa kikinipasuka. Omari amenilalia kifuani ananisukuma mbavu, amekuwa mweupe midomo. Bi Karmela alinipiga kwa aproni yake, kushoto na kulia, akilia na kutukana, kisha akaenda akaleta mshumaa, akauwasha mbele ya uso wangu, akaushusha hadi magotini, akaupuliza: fuu. Akanielekezea kidole chini, kule nilikotoka. Akarudia. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa.

"Mvinyo ukichemka hutoa pumzi yake," alisema Omari, bado anahema. "Haina rangi. Nzito, yashuka chini, yajaza chumba kile kama maji. Mshumaa ukizimika magotini, mtu hashuki. Mume wa Bi Karmela alifia mle. Ndiyo sababu wao hujiombea mlangoni."

"Na wewe ulishukaje?"

"Nalizuia pumzi."

"Ulijuaje niko mle?"

Alinitazama kwa mshangao. "Naliiona mvua, nikaona mbwa barazani, nikaona wewe hupo popote. Nami siku ya kwanza nalitaka kuswali mle mle. Bi Karmela ndiye alonishika kanzu."

Darini

Nilimwuliza basi yeye huswali wapi. Akanipandisha ngazi ya mbao hadi darini, chini ya vigae, ambako vishada bora huning'inizwa kwenye kamba vikauke. Katikati ya vishada palikuwa na msala. Niliujua. Ni ule wa ukindu alioshonewa na mama siku anaondoka, wenye ukingo mwekundu. Mahali pa magoti palikuwa pameliwa, na mahali pa paji la uso pamechanika, pametiwa kiraka, na kiraka nacho kimechanika.

Nilikaa juu ya mbao nikashika tama. Adhuhuri ile nilikuwa nimekwisha kumzika mtu huyu.

"Kwa nini hukurudi?" nilimwuliza.

"Mama angeninusa mlangoni."

Hakusema kwa mzaha. Alinieleza kwamba mara mbili alishuka hadi bandarini na nauli mkononi, akainua viganja vyake akavinusa, akarudi mlimani.

"Nayajua makosa yangu, kaka. Nimekamua, nimebeba. Kila mwaka zabibu zikisha mimi hutubu, kweli kweli. Kisha zabibu hurudi."

"Mombasa hakuna zabibu," nilisema. "Twende."

Alicheka kidogo, kisha akafunika uso. Nikamwambia yote: mjomba, kaburi, hitima, na mlango wa mama uliofungwa. Niliposema mama ameacha kupika vibibi, aliinuka akaanza kuukunja msala.

Bi Karmela hakumzuia. Alimshika mashavu, akamkemea kwa muda mrefu, akampa tini kavu na jozi, na mimi akanipa mshumaa mmoja mpya, uso umekaza. Niliuchukua. Ninao mpaka leo.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa ya kuoga. Napoli alijisugua kwa ndimu. Port Said alinunua sabuni, ya kweli safari hii, akaimaliza kabla ya Suezi. Aden alijipaka mafuta ya udi, akafukiza nguo, akatia asumini nyuma ya masikio, mpaka abiria mmoja akaniuliza kama namsindikiza bwana harusi. Jinsi tulivyokaribia nyumbani ndivyo alivyopungua maneno. Tulipoona minara ya Mombasa alikuwa ameketi juu ya mikono yake.

Mjomba Nasoro alikuwa Kilindini. Alimtazama Omari bila kumpa mkono, akanivuta kando.

"Nambie la kweli. Huyu yu hai au amekufa?"

"Mimi ndimi niliyekufa, mjomba," nilimwambia. "Nilisujudu chini ya mapipa ya mvinyo, sikuinuka. Huyu alizuia pumzi akanifuata. Msala wake umetoboka mahali pa uso. Wangu mimi bado mpya."

Mjomba aliniachia mkono. Njia nzima alitembea hatua chache nyuma yetu.

Mama alikuwa ameketi ukumbini. Hakuna aliyemwambia. Omari alipiga magoti mbele yake, akanyoosha viganja kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Mama alivishika, akavinusa. Alizipita ndimu, akazipita sabuni, akaupita udi wa Aden, akazidi kunusa. Mjomba alikuwa mlangoni. Nilitamani kutoka nje.

"Mkono huu umekaa na kitu kilofura," mama alisema. "Wanuka unga wangu."

Omari akaanza kueleza, akasema ukweli wote, pipa na kinu na maganda. Mama alimwacha amalize, hajaviachia viganja.

"Nayajua," alisema. "Tembo lililofika adhuhuri humrudishia mgema. Wewe umerudi, la mvinyo hutalirudia. Ulitubu?"

"Nalitubu, mama."

"Basi kesho mgema aja mapema. Utanisaidia kuumua, maana mato yangu hayaoni unga ukifika ukingoni."

Na kesho yake vibibi vikapikwa, sahani zikajipanga mstari hadi mlango wa jirani, na nyinyi mlikuwapo.

Lakini jioni ile ya kwanza tulikwenda msikitini kwa Magharibi. Watu walikuwa wameshasikia, na safu ziliposimama palibaki pengo kila upande wa Omari, kana kwamba ni mgeni. Mjomba Nasoro alikuwa safu ya mbele, mahali pake pa miaka yote. Alitoka pale, akarudi nyuma, akasimama bega kwa bega na Omari, akamvuta karibu kwa kiwiko. Mimi nikasimama upande wa pili.

Swala yangu ile najua ina kasoro. Kwenye sijida ya mwisho, imamu hajasema kitu, nilinyanyua kichwa nimtazame ndugu yangu kama bado anapumua. Alikuwa amesujudu, mgongo wake unapanda na kushuka taratibu. Nilirudisha paji langu kwenye mkeka.